Maji Yasiyopwa

Tangazo la matembezi ya kuona viumbe wa ziwa lilisema tukutane Dunga, bichi ya Ziwa Victoria hapa Kisumu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuje na gambuti, na mtu asiguse maji kabla hajaambiwa. Hilo la mwisho nililisoma mara tatu. Nina miaka tisa Kisumu, na kwa minane kati ya hiyo sikuwa nimetia hata unyayo ziwani. Nililiona kila siku kutoka dirisha la ofisi, nikanunua samaki wake, nikapita kando yake kwa bodaboda jioni jua likizama. Kuligusa, hapana. Na mimi ni mtoto wa kisiwani.

Nilizaliwa Wasini, kisiwa kidogo mkabala na Shimoni, kusini kabisa mwa pwani yetu. Kisiwa chenyewe hakina mto, na maji ya kunywa ni ya mvua au ya kuvushwa kwa chombo. Maji ya chumvi ndiyo yaliyotuzunguka, na bibi yangu aliyasoma kama mtu anavyosoma uso wa mwanawe. Hakuwa na jedwali la maji. Alihesabu siku. Mwezi ukiandama, au ukifika kumi na nne na kuwa mpevu, alijua bamvua imeingia: maji yatajaa sana na yatapwa sana, na kwetu yatakuwa yamekauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na hakuna aliyejisumbua. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, na bibi alilijua hilo bila kuwahi kutamka neno dakika.

Siku za bamvua, ikigonga saa tatu tulikuwa tumeshashuka. Kina mama walitangulia na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, sisi watoto nyuma na vikapu vya tondo. Bahari iliyokuwa jana imefunika kila kitu sasa iko mbali, imeacha vidimbwi kwenye mwamba, na kila kidimbwi kina mambo yake. Kiti cha pweza mwekundu amelala kama ameangushwa na mtu. Jongoo bahari. Kaa asiye na gamba lake mwenyewe, anakokota la konokono aliyekufa. Kulikuwa na sheria moja tu, na bibi hakuirudia: ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana lina wenyewe.

Haya yote nimeyaeleza ili ieleweke nilichofanya nilipohamia Kisumu.

Jumamosi yangu ya kwanza niliamka, nikanywa chai, nikaenda ufukweni. Sikwenda Dunga, nilikwenda mahali pengine ambapo watu hufua na kuosha pikipiki. Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikaingia hadi magotini. Nikageuza mawe. Nikakuta konokono wadogo wa kahawia, bapa, waliojizungusha kama kamba iliyoviringwa, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu. Nikawarudisha na mawe yao. Nilikaa majini karibu saa nzima, nikatoka na miguu inawasha kidogo, nikadhani ni nyasi.

Baada ya wiki sita hivi homa ikaanza. Kisha tumbo. Kisha choo chenye damu. Zahanati moja ilinitibu taifodi mara mbili, na kila mara nilipata nafuu ya siku chache kisha nikarudi palepale. Nilikonda hadi mama aliponiona kwenye simu akanyamaza. Mwishowe, katika kituo kingine, muuguzi mmoja mtu mzima aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: “Mwanangu, uliingia ziwani?” Wakapima choo. Ilikuwa kichocho, kile cha matumbo. Nikapimwa uzito, nikahesabiwa vidonge vya prazikwanteli, nikavimeza siku hiyo hiyo, vichungu ajabu. Nikapona. Lakini ziwa tukaachana.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Dunga nilisimama nyuma kabisa ya kundi. Tulikuwa kama thelathini: wanafunzi wa sekondari na walimu wao wawili, mama mmoja mwenye banda la samaki hapo hapo bichi, baba mmoja na mabinti zake kutoka mtaa wa Milimani, vijana wenye kamera za ndege, na mzee mvuvi aliyekuja, alivyosema mwenyewe, kuona kama tutaambiwa ukweli. Aliyetuongoza alikuwa binti wa Dunga, amezaliwa hapo, na ndege wa hapo anawaita kwa majina ya Kijaluo, Kiswahili na ya kitabuni. Aliuliza kila mtu atokako. Nilipotaja Wasini, mzee akasema, “Aa, nyar Mombasa.” Binti wa Mombasa. Wasini na Mombasa ni safari, lakini niliona ni jina la kukaribishwa, nikalipokea.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni saa. Kwa nini tumeitwa alfajiri na si saa nne, jua likiwa limekolea na picha zinatoka vizuri? Akaeleza. Mayai ya kichocho huingia majini kwa kinyesi cha mtu mgonjwa. Yanaanguliwa, na kijidudu kinachotoka humo humtafuta konokono wa aina yake, humwingia na kuzaliana ndani yake kwa majuma. Halafu konokono huyo huanza kuwatoa, maelfu kwa siku, wadogo wasioonekana kwa jicho, wenye mkia wa kuogelea. Huwatoa mwanga ukishakuwa mkali, zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Wakikutana na ngozi ya mtu huipenya kwa dakika chache tu, haihitaji kidonda wala mkwaruzo. Wasipompata mtu, hufa kwa siku moja au mbili. “Hata saa hii hatuingii,” akasema. “Lakini mkishajua saa yao, mnaelewa kwa nini mama anayefua mchana anaugua kuliko yule anayechota alfajiri.”

Saa nne. Nilishika ukingo wa daraja la mbao. Mwili wangu ulinipeleka ziwani saa ya bamvua, saa ambayo bibi alinifundisha kwamba ufuo uko wazi na salama, na hiyo ndiyo saa konokono wa ziwa wanapofungua milango. Kwa miaka minane nilikuwa nikijiona mjinga. Kumbe nilikuwa na elimu kamili, ila ya maji mengine.

Daraja lenyewe linaingia ndani ya mafunjo, na ukishapiga hatua ishirini mji unapotea. Mafunjo ya Dunga yanamzidi mtu kimo mara mbili na zaidi. Juu yana vishungi kama nywele, chini ni giza na maji meusi yanayonuka tope. Upepo ukipita, sauti yake ni ile ile ya minazi. Wenye kamera walikuwa wakimtafuta ndege mmoja, gonoleki wa mafunjo, ambaye haishi popote ila kwenye mafunjo ya eneo hili la Afrika. Tulimsikia kabla ya kumwona, dume na jike wakijibizana karibu sana hata ungedhani ni koo moja. Kisha akatokeza: mgongo mweusi, tumbo jekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa manjano. Alikaa kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu, akarudi ndani. Mafunjo yakifyekwa, hana pa kuhamia.

Mzee hakujali ndege. Alisubiri sauti zitulie akaelekeza fimbo kwenye maji meusi. “Humo ndimo samaki wa baba yangu walimojificha.” Nilichukulia kuwa ni namna ya kusema tu, lakini binti akamuunga mkono. Sangara, ambaye huku anaitwa mbuta, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Akakua, akala, na kufikia miaka ya 1980 fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia wasiopatikana ziwa jingine, wakaanza kutoweka. Mbuta anataka maji yenye hewa. Ndani ya mafunjo hewa ni haba, naye hathubutu kuingia sana, lakini baadhi ya fulu na ngege, yaani tilapia, wa asili wamezoea kuishi kwa hewa kidogo. Basi msitu huu wa majani ni ngome yao. Ngege wa kale, alisema mzee, si huyu tunayeuziwa leo kwa jina hilo. Huyu mkubwa wa sokoni ni nyamami, naye aliletwa. Yule wa kale amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, kule Siaya kwenye kinamasi cha Yala. “Alikuwa mtamu,” akasema, na mama wa banda la samaki akaitikia kwa kichwa kama watu wanaomkumbuka marehemu mmoja.

Kisha ikaja sahani.

Ilikuwa sahani pana nyeupe ya plastiki, ya kuandalia pilau. Kiongozi wetu alivaa glavu ndefu za mpira, akainama ukingoni, akanyanyua shina moja la gugu maji na mizizi yake yote, ikaning'inia kama ndevu nyeusi. Akaitikisa ndani ya sahani yenye maji kidogo, mara tatu, taratibu, akairudisha. Mwanzoni ilikuwa tope tu. “Subirini,” akasema. Tukasubiri. Tope likatuama, na sahani ikaanza kutembea.

Nimeangalia vidimbwi vingi maishani lakini sikutarajia hivi. Kiluwiluwi cha kereng'ende kilikuwa kimeganda pembeni, rangi ya majani makavu, kisha kikafyatua mdomo wake wa chini kama mkono, kikadaka kitu na kukunja mdomo tena, haraka hata wanafunzi wakabishana kama wameona kweli. Kulikuwa na mdudu aliyetembea chali. Na katikati, nikafikiri macho yananidanganya, kulikuwa na uduvi. Mdogo, hafiki upana wa vidole viwili, mwili kama kioo, ndani unaona uzi mweusi wa chakula alichokula. Mmoja alikuwa jike, amebeba mayai chini ya tumbo, mengi, ya kijani, na alikuwa akiyapepea kwa vijiguu vyake bila kupumzika. Nikasema kwa sauti, “Uduvi!” Mama wa banda akacheka kwa furaha. “Hata kwenu mnasema uduvi? Sisi tunamwita ochong'a.” Ndivyo nilivyojua kwamba ziwani nako kuna uduvi, na kwamba fulu walipopungua yeye akaongezeka mno, akawa chakula kikuu cha mbuta wachanga. Wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa hili, humkuta ndani ya nyavu zao wakamwanika pamoja na omena.

Na konokono walikuwepo. Wawili, bapa, kama kamba iliyoviringwa. Niliwajua mara moja. Kiongozi alimwinua mmoja kwa koleo ndogo akatuonyesha kwenye mwanga. Gamba lake ni jembamba hata unaona kivuli cha mwili ndani. Anapumua hewa ya juu kama sisi, na damu yake, alituambia, ni nyekundu, jambo lisilo la kawaida kwa konokono. Nikasogea. Nikamwangalia kwa karibu, yule aliyenilaza miezi, na alikuwa na pembe mbili nyembamba kama nyuzi, anazinyoosha na kuzirudisha. Kwake nayo ni ugonjwa. Kijidudu kikishamwingia huacha kutaga, na hafi kwa uzee. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Mmoja wa wanafunzi akauliza kwa nini tusiwaue wote. Mzee akajibu kabla ya kiongozi: “Mngemwacha kamongo akue, angewala yeye.” Kamongo ni samaki wa kale mwenye mapafu, mrefu kama mkono wa mtu au zaidi, anayepanda juu kuvuta hewa, na maji yakikauka hujizika topeni akangoja mvua. Meno yake ni kama koleo la kuvunjia, na konokono ni chakula chake cha kila siku. Lakini mafunjo yanapokatwa anakosa pa kutengeneza kiota, na kamongo akipungua, konokono anapumua. Mzee alisema zamani ungesikia kamongo wakivuta hewa usiku ukiwa kwenye mtumbwi, kama watu wanaoguna usingizini.

Hapa nataka kusema jambo ninaloliamini sana. Watoto wa mji huu wanaambiwa “usiende ziwani” na basi. Shuleni wanapewa dawa ya kichocho, na ni jambo jema, limeokoa wengi, lakini dawa inaua waliomo mwilini leo na haimzuii anayeingia kesho. Na kuna watu hawana hiari: anayevuta mtumbwi, anayefua, anayechimba mchanga. Hao wanahitaji kujua konokono yupi, saa ngapi, mahali gani kwenye majani, na kwa nini choo cha bichi ni tiba kuliko kidonge. Nililipishwa miezi ya ugonjwa kwa elimu ambayo asubuhi ile ilitolewa kwa sahani moja ya pilau. Natamani kila shule kuanzia Nyalenda hadi Usoma ipate sahani hiyo.

Tulipokuwa tukirudi, binti mdogo kutoka Milimani, wa miaka minane hivi, akauliza mbona ziwa halikauki na kujaa kama bahari aliyoiona Diani. Kiongozi akanitazama mimi. “Nyar Mombasa atujibu.”

Nikajibu nilivyoweza. Kwamba mwezi na jua huivuta bahari yote ya dunia, na wakijipanga pamoja huivuta zaidi, hata kwetu maji yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku moja. Ziwa nalo huvutwa, lakini ni dogo mno mbele ya bahari, na mvuto huo hauonekani kwa jicho. Kinachoonekana ni upepo. Asubuhi hutoka nchi kavu na kuyasukuma magugu nje, mchana hugeuka na kuyarudisha Kisumu, ndiyo maana bandari inaweza kuwa wazi saa mbili na ikawa kama shamba saa kumi.

Lakini mama wa banda hakukubali kwamba ziwa halipandi. Akatuonyesha ukuta wa jengo lililo karibu na maji, akaweka kiganja chake juu ya alama iliyompita kiuno. Mwaka 2020. Mei mwaka huo ziwa lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na yeye alihamisha jiko mara tatu. Mzee naye akakumbuka ile ya kwanza: kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, akiwa kijana, na mashamba ya ukingoni mwa ziwa hayakurudi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili hutoka moja kwa moja mawinguni, na mengi hurudi huko huko kwa jua. Mito haina usemi sana. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu, ziwa hujaa. Kiongozi akaongeza lililonisimamisha: miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka lote, pakawa na nyasi hapa tunapoona maji hadi upeo wa macho. Yule binti mdogo akaangalia ziwa, akaniangalia mimi. “Kwa hiyo linapwa,” akasema. “Polepole.”

Nilidhani mambo ya mwezi yameishia hapo, lakini mzee alikuwa na lake. “Nani amekwambia mwezi hauna kazi huku?” Akaeleza kwamba omena huvuliwa kwa taa, taa zikielea juu ya maji meusi, na samaki wakakusanyika chini yake kama nzige. Kukiwa na mbalamwezi taa haina nguvu, omena hutawanyika, wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu. Wakiuliza giza limebaki siku ngapi, wanauliza habari za mwezi. Kisha nzi wa ziwa. Wachanga wao hukaa topeni chini, na mwezi ukishaandama tu, siku chache baadaye, hupanda wote kwa mpigo na kuruka, makundi makubwa hata ukiwa mbali unadhani kuna moto katikati ya ziwa. Nimeona moshi huo mara nyingi kutoka dirisha la ofisi. Sikuwahi kuuhesabia siku.

Nilipofika nyumbani nilitafuta kalenda. Mwezi ungeandama Jumanne.

Alhamisi usiku walifika. Walijaa kwenye taa ya barazani kama mtu anayemwaga unga, laini, hawaumi, wakaanguka sakafuni kwa vikombe. Jirani alifunga madirisha akilalamika. Mimi nilizima taa, nikatoka nje. Mbali, ziwani, mji mwingine ulikuwa umewaka: taa za omena, safu kwa safu. Nikampigia mama.

“Huku bado bamvua,” akasema kabla sijauliza. “Kesho twashuka kuchokoa pweza. Huko kwenu je?”

Nikamwambia huku wamepanda nzi.

Akanyamaza kidogo. “Siku ya ngapi ya mwezi?”

“Ya pili,” nikasema.

“Haya,” akasema mama. “Andika.”